Laini ya Marehemu

Mwanangu wa kwanza simwiti kwa jina lake. Namwita Baba. Jina lake ni Mabula, na Mabula ni jina la baba mkwe wangu, na mkamwana aliyefundwa haropoki jina la baba mkwe uani kama anayefukuza kuku. Kwa hiyo mtoto niliyemzaa mwenyewe na kumfunga nepi mwenyewe nimemlea kwa heshima za mkwe. Baba, kaoge. Baba, acha kulamba sufuria. Mume wangu naye humwita Baba, na yeye angalau ana sababu, maana ndivyo alivyomwita mzee tangu anajifunza kusema. Mama mkwe ndiye asiyejali kabisa. Yeye humwita Mume Wangu.

Nilipomchapa mara ya kwanza, akiwa na miaka sita, kwa kosa la kuwafungulia mbuzi wa jirani wakala mchicha wetu wote, mama mkwe alitoka jikoni na mwiko.

“Mkamwana, unampiga mume wangu mbele ya macho yangu?”

Yeye alikuwa anatania. Mwiko haukuwa unatania. Niliitupa fimbo.

Kwa wasiotujua sisi wa Bariadi, jina la Kisukuma mara nyingi ni taarifa. Mvua ikinyesha siku unazaliwa, wewe ni Mabula, na ukiwa msichana ni Kabula. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija, apende asipende. Anayeijua lugha akilisikia jina lako anajua hali ya hewa ilikuwaje, au nani alikutangulia tumboni. Baba mkwe alikuwa Mabula halali, wa mvua ya kweli, mwana wa Shija halali aliyewafuata mapacha. Mwanangu alizaliwa Agosti 2000, katikati ya kiangazi, siku ambayo juu ya Somanda hapakuwa na wingu hata la kuombea. Lakini alilia siku nne mfululizo, na mama mkwe akatangaza kwamba mtoto anadai jina. Wakamjaribu kwa Shija, akalia. Wakamjaribu kwa majina mawili ya upande wa bibi, akalia zaidi. Walipomwita Mabula akanyamaza na kusinzia. Mimi nilidhani amechoka tu, lakini sikuulizwa.

Baba mkwe alitutoka mwaka 2016. Alikuwa amesahau mengi kufikia hapo. Miaka miwili ya mwisho alimwita mjukuu wake Shija, yaani baba yake mwenyewe, akawa anamwomba ruhusa ya kwenda kuchunga. Mjukuu alimpa ruhusa. Mama mkwe alimwogesha, akamlisha uji, akamjibu kila alichouliza, na sijawahi kumsikia akimwuliza, “Mzee, unajua wewe ni nani?” Sisi wengine tulimwuliza kila siku, kama walimu wa zamu.

Baada ya arobaini vitu vyake viligawanywa. Baiskeli aina ya Phoenix ilibaki imeegemezwa ukutani. Simu ilibaki kwa mama mkwe, kiswaswadu ambacho betri yake inashikiliwa kwa mpira wa kufungia noti. Laini iliyokuwa ndani yake baba mkwe aliisajili mwenyewe kwa kadi yake ya mpiga kura, enzi zile agizo la kusajili laini lilipotoka kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyefikiria kubadilisha. Simu inapokea, simu inapiga, basi.

Isipokuwa wifi yangu wa Mwanza. Yeye ndiye anayemtumia mama pesa kila mwisho wa mwezi, na kila anayetuma pesa kwa simu anajua kwamba jina la mpokeaji hujitokeza. Mwezi wa kwanza baada ya msiba, akiwa ndani ya daladala, aliandika elfu thelathini, na skrini ikamwonyesha kwa herufi kubwa: MABULA SHIJA. Alilia mpaka konda akakataa nauli yake. Nilifikiri angetafuta njia nyingine ya kutuma. Mwaka mmoja baadaye, tukimenya viazi vya michembe hapa nyumbani, akaniambia kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu.

“Wifi, mimi huwa naituma mara mbili. Kumi na tano, halafu kumi na tano.”

“Kwa nini? Si unakatwa ada mara mbili?”

“Nakatwa.”

Akaendelea kumenya. Baada ya kiazi kizima akasema, “Mara moja linapita haraka.”

*

Kisha serikali ikataka vidole. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, kwa namba ya kitambulisho cha Taifa, na atakayechelewa laini yake izimwe. Mwisho ulipangwa kuwa 31 Desemba. Rais John Magufuli akaongeza siku 20, hadi 20 Januari 2020, na nchi nzima ikapanga foleni. Kulikuwa na foleni ya kupata namba na foleni ya kusajili, na watu walioziuza nafasi zao kwenye foleni zote mbili. Sisi tatizo letu halikuwa foleni. Mwenye laini hakuwa na vidole.

Nilimweleza mama mkwe taratibu, jioni, tukichambua mchele. Nikamwambia laini iko kwa jina la mzee, mzee hawezi kwenda kwa wakala, kwa hiyo lazima ihamishiwe kwa mwingine au itazimwa tarehe 20. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa jiwe moja kwenye ungo, akalitupa.

“Kwa hiyo tarehe ishirini wanamuua tena.”

Mimi ni mwalimu wa historia. Nilipokuwa chuo kikuu, Mlimani, tulisomeshwa kidogo falsafa, na mmoja wa watu tuliowasoma ni Profesa John Mbiti, Mkenya aliyeandika kitabu chake kikubwa cha dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969 na kufariki huko Uswisi Oktoba 2019, miezi mitatu tu kabla ya kisa hiki. Mbiti aliandika kwa Kiingereza, lakini wakati ulipofika wa kuueleza wakati wenyewe alikopa maneno yetu mawili: Sasa na Zamani. Anayekufa, alisema, hazami mara moja katika Zamani. Anabaki upande wa Sasa, mfu aliye hai, maadamu yupo anayemkumbuka na kumtaja kwa jina. Akiondoka wa mwisho aliyemjua, hapo ndipo kifo chake kinapokamilika. Niliyajibu hayo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Sikuyaelewa mpaka jioni ile ya mchele. Mbiti alihesabu watoto, wajukuu na wazee wa ukoo, lakini mtambo wa kampuni ya simu unaolitaja jina la marehemu kila mwisho wa mwezi, bila kuchoka na bila kukosea herufi, hakuwa nao kwenye hesabu.

Tulikubaliana, yaani mume wangu na mimi tulikubaliana, kwamba mama mkwe aisajili kwa jina lake mwenyewe. Namba ya kitambulisho alikuwa nayo tayari. Asubuhi ya safari nilimkuta nyuma ya nyumba amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, anasugua vidole vya mikono yote miwili kwa maji na majivu.

“Natoa utomvu,” alisema.

Utomvu wa nini mwezi wa Januari, sikuuliza.

Wakala alikuwa kijana mpole, chini ya mwavuli karibu na stendi, na kimashine chake kidogo chenye kioo chekundu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo wa mbuga ulikuwa umekwisha kutuvua viatu mara mbili njiani.

“Bonyeza, bibi. Toa. Bonyeza tena. Kingine.”

Alivijaribu vyote kumi. Alivifuta kwa fulana yake, akavipulizia pumzi, akavikanda kama unga. Kimashine kikakataa kila mara kwa mlio uleule. Mama mkwe amelima pamba kwa jembe tangu akiwa binti, na kuivuna kwa mkono tumba kwa tumba msimu baada ya msimu, na kusugua masufuria kwa majivu. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Jambo hilo ni la kawaida kwa wakulima na wazee, mistari huchakaa. Sitaki kusema jiwe la kusagia halikuchangia.

“Bibi, mfumo unasema wewe siyo wewe.”

“Mwambie Mfumo aje nyumbani aulize,” alisema mama mkwe, akafunga khanga yake na kuinuka. Alirudi nyumbani akiimba.

Kuna kitu nilikikumbuka njiani. Huko Bengal, India, mwaka 1858, ofisa wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi mmoja, Rajyadhar Konai, apake wino kiganja chote na kukigandamiza nyuma ya mkataba wa kuleta vifaa vya barabara. Hakuwa na sayansi yoyote ya vidole wakati huo. Alitaka tu kumtia woga, asije siku moja akasema saini hii si yangu. Hayo yote ya kwamba kila mtu ana michirizi yake duniani yalikuja kuchunguzwa baadaye. Kidole kiliingia ofisini kwa ajili ya deni. Nililiweka hilo kichwani, na sikujua kwamba nitalihitaji kabla ya Pasaka.

*

Tarehe 18, ikiwa imebaki siku mbili, Baba alikuja na ufumbuzi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, anasubiri jambo fulani ambalo hata yeye hakuwa amelijua bado.

“Laini ni ya nani?” aliuliza.

“Ya Mabula,” alisema baba yake.

“Na mimi ni nani?”

Tukatazamana. Kijana alikuwa na kitambulisho, namba yake ya tarakimu ishirini ikianza na ile tarehe ya Agosti isiyo na wingu, na vidole vyake vilikuwa na mistari kama shamba lililolimwa jana. Alikwenda peke yake chini ya mwavuli ule. Alibonyeza mara moja. Hata dakika tano hazikwisha.

Jioni mume wangu akatuma shilingi mia tano kujaribu. Skrini ikasema: MABULA MABULA.

Jina kamili la mwanangu lina jina la baba yake katikati, lakini mfumo ulionyesha la kwanza na la mwisho tu. Mume wangu alipotea hapo katikati, kama kawaida yake panapotokea jambo zito nyumbani.

“Soma tena,” mama mkwe aliniambia.

“Mabula Mabula.”

“Wamekuwa wawili?”

“Ni mmoja, mama.”

“Yupi?”

Nilifungua mdomo nikaufunga. Usiku, kitandani, nilijaribu kumweleza mume wangu juu ya John Locke, Mwingereza ambaye kwenye toleo la 1694 la insha yake kuhusu akili ya binadamu aliandika habari za mwana wa mfalme. Tuseme, alisema Locke, roho ya mwana wa mfalme, na kumbukumbu zake zote, iingie katika mwili wa fundi viatu. Majirani wataona fundi viatu yuleyule. Lakini anayeamka asubuhi ni mwana wa mfalme, kwa sababu anayakumbuka ya ikulu. Mtu ni kumbukumbu zake.

“Basi baba yangu alikufa 2014,” mume wangu alisema gizani.

Sikuwa na la kumjibu. Baadaye akasema, “Na yule uliyekuwa unamchemshia uji miaka miwili alikuwa nani?” Kisha akageukia ukuta, na nikajua kwamba Locke hatalala tena chumbani mwetu.

Ila Locke huyohuyo ana sentensi nyingine, ambayo wanafunzi huiruka kwa sababu haina mwana wa mfalme. Anasema neno hili, mtu, ni neno la mahakamani. Tunataka kujua kama huyu ni yuleyule ili tujue nani aadhibiwe na nani alipwe. Hiyo naiamini. Nimeishi katika ukoo huu miaka zaidi ya ishirini na sijawahi kuona mtu ameketi chini ya mwembe akijiuliza kama yeye ni yeye. Nimeona mara nyingi watu wakiulizana wewe ni nani, na kila mara palikuwa na ng'ombe, shamba, mahari au pesa katikati.

*

Sasa tuje kwenye baiskeli.

Phoenix ya baba mkwe ilinunuliwa kwa pamba, kabla sijaolewa. Ilibeba pamba kwenda kuuzwa, ilibeba wagonjwa, ilimbeba mama mkwe akiwa na mimba ya wifi yangu. Kwa miaka yote hiyo ilikuwa inakufa kidogo kidogo na kufufuliwa na fundi mmoja wa hapa mtaani. Ziliondoka tairi, hilo si jambo. Ikaondoka cheni, zikaondoka pedeli, rimu ya nyuma, rimu ya mbele, usukani baada ya ajali ya njia ya Lamadi, keria, tandiko. Mwaka mmoja kabla mzee hajafariki fremu yenyewe ikakatika penye maungio, na fundi akasema haichomeleki tena, akaweka fremu nyingine. Ukiniuliza ni kitu gani cha mwanzo kilichobaki kwenye ile iliyoegemezwa ukutani, ni kengele, na kengele hailii.

Wayunani walikuwa na kisa cha namna hii, cha meli ya Theseus iliyobadilishwa mbao zote. Thomas Hobbes akakitia pilipili mwaka 1655: vipi kama kuna mtu aliyeziokota zile mbao kuukuu moja moja, akaziunga upya akapata meli ya pili? Wanafalsafa wamekula mshahara wa swali hilo miaka mingi. Huku kwetu alitokea fundi baiskeli asiyetupa kitu.

Mwanzoni mwa Machi ujumbe uliingia kwenye kiswaswadu. Mama mkwe alimpa mtoto wa jirani amsomee. Mtoto akasoma kwa sauti, kwa kituo, kama anayesoma risala: Ndugu Mabula, muda wa kulipa mkopo wako umepita, tafadhali lipa shilingi 49,500 kuepuka usumbufu.

Mama mkwe alikaa chini pale pale kizingitini.

Nilipotoka shule nilimkuta bado hapo, majirani watatu wamemzunguka.

“Mkamwana,” alisema, “mzee amekopa.”

Aliyekopa, ilibainika kabla ya magharibi, ni Mabula mwenye pumzi. Laini ni yangu, alijieleza, inasoma jina langu, wameniambia nastahili elfu arobaini na tano, nikabonyeza moja. Kabonyeza moja! Mume wangu alinyanyuka, akaanza na “Baba, wewe ni mpumbavu,” akajisikia alichosema, akakaa. Mimi nilikuwa na maneno mengi zaidi lakini yote yalianza na Baba vilevile.

“Pesa iko wapi?” nilimwuliza.

Alikwenda nyuma ya choo akarudi anasukuma baiskeli.

Ilikuwa mbaya kupita maelezo. Fremu nyeusi iliyoliwa na kutu, yenye kovu la kuchomelea penye maungio, kovu jipya juu ya kovu la zamani. Rimu moja imepinda. Tandiko la ngozi lililopasuka likaonyesha mifupa yake. Usukani wa ajali. Fundi alikuwa amevihifadhi vyote kwenye banda lake, na kijana wangu, kwa elfu arobaini na tano za mkopo, alikuwa amevinunua kimoja kimoja na kumlipa fundi huyohuyo aviunge.

“Hii ndiyo ya babu,” alisema. “Ile ya ukutani ni ya dukani.”

Nilitaka kucheka, lakini niliona mama mkwe ameinuka. Alikwenda kwenye ile kuukuu akaishika pale nyuma palipo na keria, mahali anaposhika anayetaka kupakiwa. Halafu akaiendea ile ya ukutani akaishika palepale. Alirudi kwenye kiti chake bila kusema kitu.

Mabishano yaliendelea siku tatu na yaliugawa mtaa. Mume wangu alisimama na ile ya ukutani, kwa hoja kwamba mzee hakuacha kuipanda hata siku moja. Ilibadilika akiwa juu yake, kama yeye mwenyewe alivyobadilika nywele na meno. Mzee alipong'olewa jino, alisema, hatukulizika lile jino tukaliita baba. Hoja hiyo niliiona ina nguvu. Kijana alisema chuma kile ndicho kilichomfahamu babu akiwa bado anajua majina ya watu. Hiyo nayo, kwa siku kadhaa, sikuweza kuitoa kifuani. Jirani mmoja, mzee wa busara anayeheshimiwa, alipendekeza ziuzwe zote mbili, anunuliwe mbuzi.

*

Siku ya nne fundi alifika mwenyewe. Alisalimia mwangaluka, akapewa kigoda, akatoa daftari.

“Mama,” alimwambia mama mkwe, “nimeona wanafamilia mnazungumza habari za baiskeli, nikakumbuka. Kuna deni dogo. Keria. Mzee aliichukua akasema atanilipa pamba ikiuzwa. Elfu sita.”

Alimwonyesha. Mama mkwe hasomi, lakini aliutazama ukurasa kwa heshima kisha akanipa mimi. Ilikuwa kweli. Mwaka 2014, kalamu ya bluu: Mabula, keria, 6,000. Mwaka ule mzee alikuwa ameanza kusahau, na deni lilikwenda na vingine.

Nilikasirika. Huyu mtu amekwisha kuvuna elfu arobaini na tano kwa takataka za banda lake, na sasa anafuata elfu sita kwa marehemu! Nilikuwa tayari kumwambia hivyo, kwa lugha ya ualimu, mama mkwe akaniinulia kiganja.

“Mume wangu, njoo.”

Kijana akaja, akapiga goti.

“Unadaiwa keria.”

“Mimi, bibi? Mwaka 2014 nilikuwa na miaka kumi na minne.”

“Kule kwa yule kijana wa mwavuli ulisema wewe ni nani?”

“Mabula.”

“Kidole kilikataa?”

“Hakikukataa.”

“Basi mlipe mtu keria yake.”

Alitusubiri tucheke tumalize, kwa maana hata fundi alicheka, halafu akasema lile ambalo hatukulitarajia. Mkopo wa simu atalipa yeye. Alikuwa na pesa ya pamba ya msimu wa 2019, ile ya bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo ambayo wakulima wengi waliingojea miezi mpaka wakachoka kuuliza. Ilikuwa imefungwa kwenye pindo la khanga, haijaguswa.

“Mama, deni si lako,” mume wangu alisema. “Mjukuu amekosa, alipe.”

“Ujumbe ulisema nani anadaiwa?”

“Mabula.”

“Nimeolewa na Mabula kwa ng'ombe wangapi?”

Mume wangu akataja idadi, kwa sauti ya chini.

“Basi.”

Siku iliyofuata kijana alianza kusomba maji ya kuuza ili alipe keria, kwa madumu, kwa ile baiskeli ya kutu, kwa sababu baba yake alimkataza kuigusa nyingine. Dumu mia tatu. Alihitaji wiki mbili na rimu ilipinda tena mara moja, lakini fundi hakumtoza kuinyoosha. Alipomkabidhi zile elfu sita alidai jina lifutwe daftarini mbele yake. Fundi akalipiga mstari. Kijana akauchukua ule ukurasa akarudi nao nyumbani, na sasa uko kwenye bahasha moja na cheti chake cha kidato cha nne. Sijui kama mwajiri atauelewa.

Baiskeli zote mbili ziko ukutani. Kuku wanalala juu ya ile ya zamani. Mgeni akiuliza, mama mkwe huonyesha kwa kidevu na kusema, “Hiyo ni ya mzee,” kisha huonyesha nyingine, “na hiyo ni ya mzee,” na kumwongezea mgeni chai.

Mwisho wa Machi wifi yangu alipiga kutoka Mwanza. Nilikuwa nimemficha habari za laini miezi yote miwili, nikitafuta namna ya kumwambia, nikijua kwamba Januari na Februari pesa ilikuja kwa mikono ya watu na bado hajaliona jina jipya.

“Wifi, nimemtumia mama. Mwambie aangalie.”

“Elfu kumi na tano?” niliuliza.

“Thelathini.” Nilisikia daladala nyuma yake, na konda anaita abiria. “Nimetuma mara moja tu. Limetoka mara mbili lenyewe.”